Mkeka wa Nyumba Kumi na Moja

Nilimwamkia Mzee Semboja, "Shikamoo babu," na marahaba yake ikaja baada ya sekunde kumi na nane.

Hizo sekunde nilizihesabu baadaye. Siku ile ya kwanza nilisimama tu mlangoni, mkoba wa vifaa begani, nikidhani nimemuudhi mtu ambaye hata sijamjua. Midomo yake ilishasema na kufunga. Shingoni alivaa kola ya kitambaa cheusi, ikawaka taa ndogo ya kijani, kisha kimya. Nikaingia, nikakaa, nikaanza habari za mvua, ndipo spika iliyokuwa juu ya kabati la vyombo ikatoa sauti nzito, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za treni: "Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Mimi si mtu wa subira, bora niseme mapema. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa wa miezi saba kwa kuchoka kungoja wa tisa. Hapa Korogwe wananiita Fundi Mwajabu, na wakiniita wanajua nitakuja, nitagomba, nitatengeneza, nitakwenda zangu. Sasa hebu nikalishe na mzee ambaye kila jibu lake linakuja wakati umeshauliza swali la pili. Nikimuuliza jina la mashine, ananijibu habari ya chai. Nikikataa chai, ananitajia jina la mashine.

"Ndivyo alivyo tangu mwezi uliopita," mjukuu wake Saumu akaniambia. "Zamani ilikuwa ukimuuliza, anajibu hapo hapo. Kama mtu."

"Bado ni mtu," nikamwambia.

"Najua, da' Mwajabu. Lakini watu wanamkatisha. Wanaongea juu yake. Siku hizi ananyamaza tu."

Mzee Semboja alikuwa bwana ishara wa treni pale stesheni kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka jana madaktari walimtoa koo kwa ajili ya uvimbe, wakampa kola ile. Kola inasoma misuli ya shingo mtu anapojaribu kusema, inapeleka kwenye kompyuta ya nyumbani, kompyuta inatambua neno na kulifuma upya kwa sauti yake mwenyewe, iliyookotwa kwenye rekodi zake za zamani. Ikiwa nzima husikii pengo lolote. Masheikh nao walishalijadili jambo hilo hadi wakachoka, wakakubaliana kwamba neno ni la aliyelikusudia, hata likitokea kabatini.

Na hapo ndipo palipokuwa na uzito. Siku ile ilikuwa Jumanne, na Ijumaa Saumu alikuwa anaolewa. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wake wa kumwozesha ni babu. Sheikh Mhina alikuja kumshauri mzee aweke wakili wa kumsemea, haina ubaya. Mzee alitikisa kichwa, na baada ya sheikh kuaga na kuvaa viatu spika ikasema: "Nilimpokea mtoto huyu kwa mkono wangu, nitamtoa kwa kinywa changu."

Kompyuta ilikuwa chini ya meza ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipokiondoa, joto likanipiga usoni. Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu zake zote.

"Nani anaitumia?"

"Hakuna," Saumu akasema. "Haiguswi. Ni ya sauti ya babu tu."

Nikawasha kioo na kufungua orodha ya kazi. Prosesa ilikuwa asilimia tisini na saba. Nikashika kipanya nisome jina la kazi inayokula vile, na hapo hapo ikashuka hadi ishirini. Nikatoa mkono. Dakika moja, ikapanda tena mpaka tisini na saba. Nikagusa, ikashuka. Nikaacha, ikapanda.

"Alaa! Mwizi mwenye adabu," nikasema, na kwa kweli nilicheka. Nilifanya mchezo ule labda robo saa, gusa, acha, gusa, acha. Leo nikiikumbuka robo saa hiyo sicheki.

Ziko kazi za namna hiyo. Zinangoja mwenye mashine atoke, ndipo zinaanza. Mtu akigusa kipanya au kibodi zinajivuta pembeni kumpisha. Tatizo ni kwamba kola ya shingoni si kipanya wala kibodi, na aliyetengeneza utaratibu ule hakufikiria kuwa mtu anaweza kuitumia mashine kwa shingo. Kwa hesabu za kompyuta ile, Mzee Semboja hakuwepo nyumbani. Alikuwa anaongea kutwa nzima, nayo inasema nyumba haina mtu.

Nikatafuta virusi, hamna. Nikatazama kama kuna sasisho lililokwama, hamna. Nikafungua kumbukumbu za miaka mitatu nyuma, nikaona kitu ambacho sijakiona kwenye mashine nyingine yoyote. Mwanzoni kazi ile ilikula asilimia tisa. Miezi mitano ikakaa hapo hapo, kisha siku moja ikawa kumi. Halafu kumi na moja. Halafu kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita. Ilipanda kwa ngazi, na ngazi zenyewe zilizidi kuwa ndefu. Mwezi uliopita iliruka kutoka arobaini na nane hadi tisini na saba kwa siku moja. Ugonjwa haupandi hivyo. Hivyo unapanda mzigo ambao wabebaji wake wanaondoka mmoja mmoja.

Hilo la wabebaji nalisema leo. Siku ile sikulifikiria, nilikuwa na haraka. Nilisoma jina la kazi yenyewe: Mkeka 11.

Nani asiyeujua mkeka? Siku hizi msiba ukitokea, majirani wanaleta viti, wanaleta sufuria kubwa zenye alama ya rangi kwenye matako ili zisipotee, na wanatandika mkeka. Kila nyumba inaweka dole gumba kwenye daftari la msiba, na kompyuta yake inajiunga na za wenzake ili nguvu inayolala bure imtumikie mfiwa: kuwaonyesha mazishi ndugu walio mbali, kupokea rambirambi, kupanga karatasi za marehemu. Arobaini ikipita, mfiwa mwenyewe anaukunja. Mtu mwingine hathubutu. Nani atakwenda kwa mfiwa kumwambia, nipe kiti changu?

Nikajua basi, kuna mtu amesahau kukunja mkeka wake.

"Babu, huu mkeka wa msiba gani? Naufunga, eh?"

Mzee aliinua mkono. Midomo yake ilikwenda mbio. Mimi nilishageukia kioo. Nilikuwa nimengoja sekunde kumi na nane mara arobaini asubuhi ile, na nikaona hii moja haina haja. Nikabonyeza.

Feni ikanyamaza. Na papo hapo, wazi, bila pengo, spika ikasema: "Usiguse huo mwanangu, huo wa nyumba ya pili, wa mtoto!"

Mzee mwenyewe alishtuka kwa jinsi alivyosikika. Akashika shingo. "Nasema," akasema. Saumu akapiga kigelegele kifupi, na kabla hajakimaliza tukasikia ukelele wa mwanamke upande wa pili wa ua.

"Mwasiti! Mwasiti jamani! Mwanangu!"

"Rudisha!" Mzee akanifokea. "Rudisha upesi, mtoto atakufa!"

Nikabonyeza upya. Kazi ile ilikuwa kubwa, ikaniambia inahitaji dakika nne kujipanga upya. Dakika nne! Mzee Semboja akaibeba spika kutoka kabatini, akaifungulia sauti yote, akaiweka dirishani. Nilimsikia akiongea na mtaa mzima kwa sauti yake ya stesheni, ambayo mwezi mzima haikuwahi kufika kwa wakati.

"Mama Mwasiti! Usimbebe! Mlaze chali hapo hapo. Inua miguu yake. Ndiyo, weka kwenye beseni. Mashine inarudi. Sasa hivi inarudi. Mwasiti, mjukuu wangu, usiinuke, pumua polepole. Mama, nihesabie pumzi zake, nizisikie."

Na yule mama akazihesabu kwa sauti, huku analia. Saumu alikuwa ameshaparamia ua. Mimi natazama mstari unaojaa kwenye kioo, nasoma dua zote ninazozijua. Mstari ukajaa. Feni ikaanza kuvuma.

"Sasa mpe," Mzee akasema dirishani, na sauti ikakatika. Baada ya sekunde kumi na nane ikamalizia, "maji kidogo."

*

Nilikwenda nyumba ya pili. Mwasiti alikuwa amelala kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, midomo ndiyo kwanza inarudi rangi. Alikuwa anaanika shuka alipoanguka. Mama yake alinishukuru kwa kuja. Alinishukuru mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mtoto yule ana pampu kifuani inayousaidia moyo. Pampu peke yake haina akili, inafuata pacha. Pacha ni moyo wa pili wa Mwasiti, wa hesabu tupu, unaopiga ndani ya kompyuta na kuitangulia pampu: sasa anainuka, ongeza, sasa analala, punguza. Pacha akikatika, pampu inaishi kwa akiba yake dakika chache, halafu inashika mwendo mmoja. Ukiwa umelala, unapona. Ukiwa umesimama na shuka la maji mikononi, unaanguka. Na akiba ile ndiyo niliyoimaliza kwa mchezo wangu wa gusa, acha.

"Hospitali walimbeba pacha wake miezi sita, wakasema sasa abebwe nyumbani," mama akanieleza. "Kompyuta gani nyumbani ingeweza? Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa amekufa, mkeka upo bado. Siku ya arobaini nikawaomba majirani, naombeni msiniondolee kwanza. Wote wakasema hamna neno, Mama Mwasiti. Nyumba kumi na moja zimenibebea mwanangu miaka mitatu, fundi. Nikiwapita njiani nashindwa hata kuwatazama usoni." Akamfuta Mwasiti jasho. "Sijui leo umeme umekatika kwa nani."

"Sijui, dada," nikasema.

"Akiba imekwisha kabisa. Huwa inachukua wiki kujaa."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimeziona zile ngazi, na sasa nilijua maana yake. Nyumba kumi hazikuwepo tena. Zilikuwa zimeondoka moja moja, na hakuna hata moja iliyomwambia.

*

"Wale majirani kumi wamenunua kompyuta mpya," nilimwambia Mzee Semboja. "Ya zamani wakatupa, mpya hawakuiwekea dole gumba. Basi. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyemnyima. Umebaki wewe."

Alikaa kimya muda mrefu, zaidi ya sekunde kumi na nane, nikajua safari hii kimya ni chake.

"Nilijua nimebeba kidogo," spika ikasema hatimaye. "Sikujua nimebeba wote."

Nikamweleza bila kuficha. Ninaweza kuifundisha mashine kwamba kola ni mtu. Akianza kusema, mkeka utajivuta kumpisha, na sauti yake itatoka kwa wakati. Lakini kila sentensi yake itachukuliwa kutoka kwa Mwasiti.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo, babu."

Nikangoja.

"Kidogo cha moyo ni kiasi gani?"

Nikamwambia basi tuombe nusu saa ya Ijumaa tu. Mwasiti atalala kitandani, mama yake atakaa naye, nikaha itafungwa, tutarudisha kila kitu. Mama Mwasiti hatakataa.

Mzee alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Midomo ikasema, taa ikawaka, na mimi nikangoja nikiwa nimeshajua kwamba nitafundishwa.

"Ndiyo maana simwombi. Ukimwomba mtu kitu asichoweza kukukatalia, hujamwomba. Umemnyang'anya, na juu yake umemlazimisha akushukuru."

"Basi niweke yangu!" Hasira zilikuwa zimenipanda, sijui nilikuwa namkasirikia nani. "Ninayo mashine dukani, kubwa, imelala bure. Mbili zikibeba, sauti yako inarudi."

"Mkeka haupokei nyumba mpya bila dole la mfiwa."

"Najua! Kwa hiyo tumwambie."

"Umwambie nini? Kwamba majirani kumi wamemkimbia kimyakimya? Anachota maji kwao. Wanamkopesha chumvi. Mwasiti anacheza na watoto wao."

"Na umeme ukikatika hapa kwako babu, je? Sitara yako itampigia moyo?"

Hilo lilimwingia. Niliona. Akatazama betri ya ukutani, akatazama picha ya marehemu mkewe, akatazama mikono yake.

"Betri inakaa siku mbili. Nipe mpaka Jumamosi," akasema. "Jumamosi nenda kamwambie, kwa upole, wewe si wa mtaa huu, hatakuonea haya. Ila Ijumaa mtaa mzima utakuwa hapa, na yeye katikati yao. Siku ya furaha yangu isiwe siku ya fedheha yake. Niapie."

Nikamwapia. Sijawahi kuapa kitu kwa shingo upande kama kile.

Akaniomba nimpimie kwa saa yake ya mkono ya reli. Akatamka bismillahi, tukahesabu. Kumi na nane. Tena. Kumi na nane kamili. Uso wake ukachangamka kidogo.

"Ishara, huingoji treni ifike ndipo uishushe," spika ikasema. "Unaijua iko wapi. Unashusha mapema, inakuta njia iko wazi. Sheikh Mhina khutba yake naijua neno kwa neno, miaka ishirini hajaibadilisha. Nitaanza kabla yake."

*

Ijumaa baada ya swala, baraza ya Mzee Semboja ilijaa. Wanaume wamekaa kwenye majamvi, wanawake ndani na mlangoni. Bwana harusi, Mbwana, kijana wa Handeni, alikuwa amekaa mbele ya mzee, magoti yao yanagusana, mikono imeshikana. Nyuma yake ami yake, mtu mnene mwenye joho, aliyekuja na watu ishirini na anataka waonekane. Mimi nilikaa karibu na spika kama fundi wa shughuli, simu mkononi. Kwenye simu nilikuwa nimetengeneza kitufe kimoja. Sikumwambia Mzee. Nikikigusa, mkeka unajivuta na sauti inakuja.

Mwasiti alikuwa mlangoni, ameegemea bega la mama yake, kanga mpya, sahani ya kaimati mapajani.

Mzee aliisikiliza khutba, jicho moja kwenye saa. Sheikh alipofika pale Mzee alipopajua, midomo ya Mzee ikaanza. Nilimwona, nikahesabu pamoja naye. Moja, mbili, tatu. Masikini, sheikh siku ile akamkumbuka baba yake Saumu. Akaacha khutba yake ya miaka ishirini, akasema tumwombee marehemu, na watu wote wakainua mikono. Katikati ya ile dua spika ikanguruma: "Nimekuozesha mjukuu wangu Saumu."

Vijana walicheka, wakajiziba midomo. Ami mtu akakunja uso. Sheikh akamaliza dua kwa haraka, akamgeukia mzee kwa huruma.

"Tuanze upya, Mzee wangu. Nifuatishe. Nimekuozesha mjukuu wangu Saumu, binti wa Bakari, kwa mahari mliyokubaliana."

Midomo ya Mzee ikasema yote, polepole, bila kuruka neno. Taa ikawaka. Halafu hakuna kitu.

Sekunde kumi na nane ukiwa peke yako si muda. Katikati ya watu mia, kijana ameshikwa mkono na hajaambiwa neno, ni mwaka. Kufika ya tano watu walianza kutazamana. Ya saba nikasikia mtu nyuma yangu, "Mzee hataki." Mwingine, "Amekuwa mtoto huyu, wangeweka wakili." Ndani Saumu alikohoa, nikajua analia. Ya tisa ami akajiinua goti moja. "Sheikh," akasema, "kama kuna neno tuambiwe. Hatukutoka Handeni kuja kuaibishwa."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Akiba ya Mwasiti ilishajaa siku tatu kati ya saba. Dakika moja tu ingetosha mambo yote. Asingeanguka, labda. Amekaa, ameegemea, labda asingehisi chochote. Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa anachagua kaimati kubwa, analamba vidole. Na Mzee Semboja akanitazama mimi. Akaona simu. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso, alinitazama tu mpaka nikaona haya. Nikaiweka simu chini, kifudifudi, nikaikalia.

Mama Mwasiti naye alikuwa ananitazama. Kisha akaitazama spika. Kisha akageuka, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Nimekuozesha," spika ikasema, na baraza nzima ikatulia, "mjukuu wangu Saumu, binti wa Bakari, kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa," Mbwana akasema hapo hapo, kijana mwenye akili, hata ami hakuwahi kukaa vizuri. Vigelegele vikapaa. Watu walimpongeza mzee kwa maneno mengi, na majibu yake yalikuja kwa watu waliokuwa wameshampita.

*

Jumamosi asubuhi nilifika kwa Mzee Semboja nikiwa nimepanga maneno njia nzima. Nilitaka anywe chai kwanza, ndipo nivuke ua. Sikuhitaji kuvuka. Hodi ilipigwa, akaingia Mama Mwasiti na sufuria kubwa kichwani, ile ya kupikia pilau la watu hamsini, imesuguliwa hadi inang'aa. Akaitua katikati ya sebule.

"Shikamoo baba. Nimekuja kurudisha. Mliniazima kwenye msiba."

Mzee akasema kitu. Tukangoja. Mama Mwasiti alingoja bila kusogea, na nilipomwona anavyongoja nikaelewa kwamba anajua.

"Marahaba. Hiyo si yangu," spika ikasema.

Mama akaiinua sufuria, akaipindua. Kwenye tako palikuwa na alama ya rangi ya kijani, mduara na mstari katikati, mkono wa marehemu mke wa Semboja. Mtaa mzima unaijua alama ile.

Mzee akaitazama. Midomo ikasema. Tukangoja tena.

"Macho yangu siku hizi mabovu."

Hapo yule mama akakaa chini na kulia. "Jumanne mwanangu alipoanguka," akasema, "sauti yako ilikuja haraka, baba. Ilikuja kama zamani. Nilishukuru, sikufikiri. Halafu maji kidogo ikachelewa. Jana umechelewa mbele ya watu, mwanangu mzima anakula kaimati. Nikahesabu. Nimekwenda kufungua daftari la msiba, usiku kucha nimelitazama. Limebaki jina moja." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Miaka mitatu sikulifungua. Niliogopa kuwahesabu watu waliokuwa wananisaidia. Niliona ni utovu wa adabu. Jana wamekucheka, na mimi nimekaa pale nimejitanda."

Mzee alikuwa anasema kitu, lakini mama hakungoja. Alinigeukia mimi, na sauti yake ikawa kavu kidogo.

"Na wewe fundi ulijua."

"Nilijua, dada. Na mimi ndiye niliyeufunga Jumanne. Sikungoja anijibu." Lilitoka lote kwa mkupuo mmoja. "Nilimwangusha mwanao. Nisamehe."

Alinitazama. Sijui alikuwa anaamua nini. Spika ikasema nyuma yetu, "Mwacheni mtoto wa watu, kosa la kutojua," na hakuna aliyeigeukia.

"Kwenye msiba wa mume wangu hukuwepo," Mama Mwasiti akasema.

"Sikuwepo. Nilikuwa bado sijahamia huku."

"Hukunipa pole."

"Sikukupa."

Akatoa daftari kwenye mkunjo wa kanga, kibao chembamba kilichochakaa kona, akaliweka juu ya tako la sufuria, akaliwekea dole gumba lake kwanza. Kisha akalisogeza kwangu.

"Nipe pole yako leo."

Nikafuta mkono kwenye gauni. Nikaweka dole. Nikamwambia, "Pole, Mama Mwasiti. Pole sana kwa kufiwa na mwenzio." Akaitikia, "Ahsante, nimeshapoa," kama inavyoitikiwa, na wote wawili tulikuwa tunalia. Chini ya meza ya televisheni feni ilianza kupungua, ikapungua, mpaka tukasikia kuku wa nje.

Mama akajipangusa uso. Akagonga sufuria kwa kidole.

"Baba," akasema, "nakuuliza kwa mara ya mwisho. Sufuria hii ya nani?"

"Yako," akasema Mzee Semboja, na sikupata hata nafasi ya kuanza kuhesabu.